Kisigino kimefungwa vyuma, sasa pima: jinsi ya kujua mguu unarudi au umesimama pale pale

"Unaendeleaje?" "Alhamdulillah daktari, naendelea vizuri." Basi. Hayo ndio maneno mdogo wangu alosema kliniki mara tatu mfululizo, na mara zote tatu tukatoka nje akichechemea mpaka kwa tuktuk, akashika chuma kwa mikono miwili ndio apande. Mimi ni fundi cherehani, kutwa kucha kazi yangu ni kupima watu, na ile mara ya tatu nikiwa nimekaa ndani ya tuktuk nikajiuliza, mtu akinijia akaniambia nishonee kanzu ya kunikaa vizuri kisha asinipe mwili nimpime, nitakata kitambaa wapi? Tulipofika nyumbani nikachukua daftari la watoto la kurasa 96 na futi yangu ya kazini nikaanza. Nayaandika haya kwa yeyote mwenye mgonjwa wa kisigino nyumbani, manake hakuna aliyetuambia, na ni kitu mtu yeyote anaweza.

Yeye ni fundi wa rangi. Alitelezea kwenye ngazi akipaka nyumba ya ghorofa huko Kisauni akatua kwa miguu, kisigino cha kulia kikapasuka vipande. Mfupa wa kisigino ndio mkubwa kuliko yote ya wayo, na mara nyingi huvunjika hivyo hivyo, mtu kaanguka toka juu katua wima, awe mgema kwenye mnazi, fundi wa mjengo, au mtoto kwenye mwembe. (Na kama mgonjwa wako kaanguka namna hiyo na mgongo unamuuma sema mapema, kama mmoja katika kila 10 hupatikana na uti wa mgongo pia umeumia, na kwa maumivu ya mguu hakuna anayeuliza mgongo.) Alingojewa uvimbe ushuke, ngozi ianze kufanya mikunjo, ndio akapasuliwa akawekwa pleti na skrubu, kisha akaambiwa asikanyage wiki 10. Wengine huambiwa 6, wengine 12, inategemea na mfupa wenyewe na daktari.

Kabla sijaanza hatua zenyewe, mambo mawili. Kwanza, vipimo vyote vya kusimama na kutembea ni baada ya daktari wa mifupa kukubali mguu ukanyage, si siku moja kabla, hata kama mgonjwa anasema hauumi tena. Pili, kuna vitu havipimwi, vinakimbizwa hospitali: kidonda kutoa usaha au harufu, kidonda kufunguka, homa, shavu la mguu kuvimba na kuuma ghafla, kifua kubana au pumzi kukata. Mwenye sukari na mvutaji sigara kidonda cha kisigino humsumbua zaidi, kwa hivyo hao waangaliwe kila siku.

Kwa nini eksrei peke yake haitoshi

Hapa nitakaa kidogo, manake hapa ndipo sisi tulipopotea. Kila tukienda eksrei inapigwa, daktari anaitazama kwenye mwanga, anasema mfupa umeshika, skrubu ziko mahali pake, na sisi tunafurahi. Kuna pembe wanayoipima kwenye ile picha, pembe ya Böhler, kwa mtu mzima wa afya huwa kati ya digrii 20 na 40, na mfupa ukibonyea hushuka, saa zengine mpaka sifuri au chini yake, na operesheni inajaribu kuirudisha. Ni kipimo cha maana sana lakini ni kipimo cha mfupa. Mguu ni mfupa, na ngozi, na kano, na mishipa ya fahamu, na kile kiungo kilichoko chini ya kifundo ambapo kisigino kinakutana na mfupa wa juu yake. Kiungo hicho ndicho kinachouruhusu wayo ulale upande huu na upande huu ukikanyaga jiwe au mchanga. Visigino vingi vinavyovunjika huvunjika mpaka ndani ya kiungo hicho, na hata ikiwa picha ni nzuri kiungo chenyewe kinaweza kubaki kigumu kama bawaba yenye kutu. Picha haitakwambia kama mtu anaweza kuteremka mteremko wa feri Likoni bila kushikilia mtu.

Hata watafiti wakubwa walipotaka kujua operesheni inasaidia kiasi gani hawakuhesabu picha peke yake. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014, wagonjwa 151 kutoka hospitali 22, nusu wakapasuliwa nusu wakatibiwa bila kisu, na kipimo chao kikuu kikawa maswali ya maumivu na kazi za mguu, yakaulizwa miaka 2 baadaye. Na jibu lilikuwa kwamba makundi mawili yale hayakutofautiana, ingawa wale ambao kisigino kimeharibika umbo vibaya hawakuingizwa kwenye utafiti. Sisemi hivyo kumvunja moyo aliyekwisha pasuliwa, nasema ili ujue kwamba kisu ni mwanzo tu, na kitakachoonekana baada ya miaka 2 kinajengwa na hizi siku za katikati.

Vitu unavyohitaji

Daftari na kalamu. Futi ya fundi cherehani, lakini iwe mpya, futi ya kitambaa ikitumika miaka huvutika na itakudanganya. Mizani miwili ya kujipimia uzito ya aina moja, sisi tulikuwa na mmoja tukaazima wa jirani. Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kiti kisichotikisika, ukuta, selotepu ya kubandika sakafuni na karatasi moja. Ni hayo tu.

Hatua ya kwanza: pima mguu mzima, ule usiovunjika

Watu wote wanakimbilia mguu mgonjwa. Anza na ule wa pili, manake huo ndio utakaokwambia mgonjwa wako alikuwaje kabla. Hakuna mguu wa kitabuni. Mdogo wangu alikuwa mgumu wa vifundo tangu utoto, ningemlinganisha na watu wa kwenye intaneti ningemhukumu bure. Kila kipimo hapa chini kiandike mara mbili, kulia na kushoto, kwenye mstari mmoja. Aliyevunjika vyote viwili (wapo, na poleni) huyo analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Na pima saa ile ile. Sisi tulichagua baada ya alasiri, kabla hajaenda matembezi yake. Mguu wa asubuhi na mguu wa jioni ni miguu miwili mbalimbali, na kwa joto letu la mwezi wa pili hapa Mombasa, ukipima wiki hii asubuhi na wiki ijayo usiku utaandika uvimbe umezidi, kumbe saa ndio imezidi.

Hatua ya pili: maumivu, lakini yagawanye

Sifuri mpaka 10, sifuri hakuna, 10 hayawezekani. Hiyo kila mtu anaijua. Kosa ni kuuliza mara moja tu "leo yauma ngapi?" Uliza matatu: zile hatua za kwanza akishuka kitandani, baada ya kutembea, na usiku akiwa amelala. Mdogo wangu mwezi wa nne alikuwa 6 asubuhi, 3 baada ya kutembea, sifuri usiku, na fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akasema huo ni ugumu wa kiungo unaotaka kuzungushwa kabla hajashuka kitandani. Angekuwa anaumwa usiku akiwa ametulia, hiyo ni habari nyengine ya kumpelekea daktari mapema.

Kisha mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Si kiganja, kidole. Chini ya kisigino kabisa? Upande wa nje chini ya kile kifundo kinachotokeza? Hapo nje kuna kano mbili zinapita, na kisigino kilichopanuka au skrubu iliyochomoza huzibana. Ndani ndani, ambapo hawezi kupafika kwa kidole? Huenda ni kiungo chenyewe. Chora wayo kwenye daftari utie alama ya x. Mahali penye ganzi pia uchore, upande wa nje wa wayo karibu na kovu mara nyingi hufa ganzi kwa sababu ya mshipa wa fahamu unaopita pale, na wagonjwa hawasemi, wanaona haya kusema mguu hausikii.

Hatua ya tatu: uvimbe kwa mzunguko wa nane

Kuzungusha futi mara moja kwenye kifundo haitoshi, uvimbe wa kisigino unajificha chini. Njia wanayotumia mafizio ni kuizungusha kama nambari 8, na nilipoonyeshwa nikacheka kwa furaha manake ndivyo ninavyopima bega la gauni. Mgonjwa akae kitandani, mguu umenyooka, wayo umesimama wima. Weka sifuri ya futi mbele ya kifundo, katikati ya kile kifupa cha nje na kano kubwa inayoonekana akivuta vidole juu. Ipitishe juu ya wayo kwenda upande wa ndani mpaka kwenye kifupa kinachotokeza katikati ya upinde, ishushe chini ya wayo itokee upande wa nje pale penye kifupa kinachotokeza katikati ya ukingo wa wayo, upande wa kidole kidogo, ipandishe ikate juu ya wayo kwenda ndani, ipite chini ya kifundo cha ndani, izunguke nyuma juu ya ile kano ya kisigino, ipite chini ya kifundo cha nje irudi pale ilipoanzia. Usibane, futi iguse ngozi tu. Fanya mara tatu uchukue ya katikati.

Wa kwetu mara ya kwanza ulikuwa sentimita 55.5 na mzima 51.5. Tofauti 4. Namba inayofuatwa ni hiyo tofauti, si ile 55.5. Baada ya mwezi ikawa 2.5, na kwa muda mrefu sana ikabaki 1.5, nikawa nalalamika, nikaambiwa uvimbe kidogo wa jioni kubaki mwaka mzima si ajabu.

Hatua ya nne: mizani miwili

Hichi ndicho kilichomfungua macho mwenyewe. Weka mizani miwili sambamba sakafuni, mbele ya ukuta au kiti cha kushikia, apande mguu huu huku na mguu huu huku, asimame kawaida atazame mbele, asitazame namba. Wewe soma. Chukua ya mguu mgonjwa ugawe kwa jumla ya zote mbili, zidisha kwa 100. Mdogo wangu wiki ya 11 alikuwa kilo 14 upande mgonjwa na 52 upande mzima, yaani katika kilo zake 66 mguu ule ulikuwa unabeba asilimia 21, na yeye wakati huo anaapa kwamba anausimamia sawa sawa. Hakuwa anadanganya. Mwili unaogopa kabla ya mtu kujua kwamba anaogopa. Lengo ni karibu nusu kwa nusu, na mwezi wa nne alifika 30 kwa 36.

Kama daktari amekupa kiwango, kwa mfano kanyaga kilo 20 tu kwa sasa, mizani hii hii ndiyo inakufundisha kilo 20 zinasikika vipi mguuni, manake hakuna mtu anayezaliwa akijua.

Hatua ya tano: goti kwa ukuta

Simama uso kwa ukuta, mguu unaopimwa mbele, kisigino chini kabisa, sukuma goti mbele mpaka liguse ukuta. Likigusa kwa urahisi rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena, mpaka ufike pale ambapo goti linagusa kwa tabu lakini kisigino hakijanyanyuka. Hapo pima toka ncha ya kidole gumba mpaka ukutani. Watu wanaiba hapa bila kujua, kisigino kinapanda milimita chache, kwa hivyo weka karatasi chini ya kisigino na wewe uivute: ikitoka, kisigino kimenyanyuka, irudiwe. Kila sentimita moja ni kama digrii 3 na nusu za kifundo, kwa hivyo usidharau nusu sentimita. Mguu wake mzima ni 11. Ule mgonjwa ulianza na 2.

Hicho ni kukunja mbele na nyuma. Ule mwendo wa upande kwa upande, ambao ndio hasa unaoharibika kwa kisigino, nyumbani huwezi kuupima kwa namba ya kuaminika. Muachie fizio mwenye kifaa chake. Wewe pima unapotumika: mtembeze mchangani hatua 50, pale Nyali au Bamburi maji yakiwa yametoka na mchanga umeshika, kisha juu penye mchanga mkavu, umuulize sifuri mpaka 10 ilikuwa ngumu kiasi gani. Mchanga mkavu hauna huruma, ulimpa 9 mara ya kwanza na tukarudi nyumbani kwa tuktuk. Asiye karibu na bahari, barabara ya mawe ya mtaani inatosha.

Hatua ya sita: kunyanyuka kwa vidole, na kusimama mguu mmoja

Hii ni ya baadaye, sisi tuliianza mwezi wa tano baada ya kuruhusiwa. Vidole viwili vya mkono ukutani kwa kujishikiza tu, goti limenyooka, nyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja mpaka juu, shuka, hesabu. Acha kuhesabu pale kisigino kinaposhindwa kupanda mpaka juu, au goti linapoanza kukunja. Watu wazima wenye afya hufika kama 25, yeye mguu mzima 22. Mguu mgonjwa: sifuri. Hata moja. Alikaa chini akafunika uso na mimi sikuwa na la kusema, nikaandika 0 kwenye daftari.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Kisigino ni kama mkono wa mtaimbo, ile kano ya nyuma ndiyo inayouvuta, na kisigino kikifupika au kikibonyea mkono wa mtaimbo unakuwa mfupi, kwa hivyo shavu la mguu linatakiwa lifanye kazi kubwa zaidi, na lenyewe limelala miezi mitatu limekonda. Basi sifuri ya mwanzo ilikuwa na sababu, haikuwa uvivu. Mwezi wa saba zikawa 3.

Kusimama mguu mmoja ni rahisi, sekunde, mwisho 30, karibu na ukuta, macho wazi.

Hatua ya saba: mwendo

Chagua njia moja usiibadilishe. Ya kwetu ni toka mlangoni mpaka msikiti wa mtaa, ramani ya simu inasema mita 380, hakuna mlima. Andika dakika, andika alisimama mara ngapi, andika alikuwa na magongo mawili, moja au hana. Zamani ilikuwa dakika 5, mara ya kwanza bila magongo ilikuwa 11. Kama mnapata mahali palipo sawa penye mita 30, fanyeni ile ya kutembea dakika 6 huku na huku kisha mhesabu mita, ndiyo inayotumika hospitali nyingi. Lakini njia ya msikitini ina faida, ataipita kila siku na utapata namba bila kumlazimisha mtu.

Mchukue video pia, sekunde 20 kutoka nyuma, simu ikiwa chini usawa wa vifundo. Utaona kisigino kimelalia ndani au nje, na utaona kama hatua ya mguu mzima ni fupi kwa sababu anaukimbia ule mgonjwa.

Hatua ya nane: karatasi za maswali

Madaktari wana fomu zao na utasikia majina yake, kwa hivyo ujue ni nini. AOFAS (ni jina la chama cha Marekani cha madaktari wa mifupa ya wayo na kifundo) ya kifundo na kisigino, ya mwaka 1994, ina pointi 100: maumivu 40, kazi za mguu 50, na mnyooko wa mguu 10. Sehemu yake anajaza mgonjwa na sehemu lazima mtaalamu aushike mguu, kwa hivyo usijaribu kuijaza peke yako. Ni maarufu sana lakini ina kasoro. Maumivu yana vituo vinne tu, 40, 30, 20 na 0, mtu akipiga hatua ndogo ya kweli haionekani, au akiteleza kidogo anapoteza pointi 20 mara moja. Na umbali wa kutembea inauliza kwa vitalu vya mitaa ya Marekani, sasa mtu wa Mji wa Kale umwambie vitalu sita ataelewa nini? Chama chenyewe kilichoianzisha kilikuja kusema hakiipendekezi tena. Maryland ni nyengine, pia 100, maumivu 45 na kazi 55, na huko 90 kwenda juu inaitwa bora kabisa, chini ya 50 ni mbaya.

Kwangu mimi inayofaa nyumbani ni FAAM, manake anajaza mgonjwa mwenyewe. Maswali 21 ya kazi za kila siku, kila moja 0 mpaka 4, 4 hakuna tabu, 0 hawezi kabisa, na mengine 8 ya michezo. Lisilomhusu linaachwa tupu. Jumlisha, gawa kwa idadi ya maswali aliyojibu mara 4, zidisha kwa 100. Yeye alijibu 19, jumla 47. Mara 4 ni 76, 47 kwa 76 ni asilimia 62. Kwenye yale 21, ikibadilika kwa 8 hivi ndio useme kuna mabadiliko yanayosikika, 2 au 3 ni mawimbi tu, isikupe furaha wala huzuni.

Tahadhari moja ya lugha. Nilikuwa namsomea mimi nikimfasiria, na wiki moja akasoma mpwa wetu, namba zikapanda ghafla. Kumbe mpwa alifasiri "tabu" kama "maumivu", na mambo mengi yalikuwa na tabu lakini hayaumi. Mfasiri awe mmoja, na maneno aliyotumia mara ya kwanza yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari yatumike hayo hayo mpaka mwisho.

Hatua ya tisa: mambo matano ya maisha yake

Kama utafanya kipimo kimoja tu katika vyote nilivyoandika, fanya hichi. Mwambie mgonjwa ataje mambo matatu mpaka matano anayoyataka na hayawezi, ayape kila moja 0 mpaka 10, 0 hawezi kabisa, 10 kama zamani. Si mimi niliyekitunga, mafizio wanakitumia tangu miaka ya tisini. Uzuri wake ni kwamba hakuna fomu ya ng'ambo itakayouliza yale ya hapa kwetu.

Ya mdogo wangu yalikuwa haya: kuswali bila kiti, choo cha kuchuchumaa, kuteremka kwenda kwenye feri na umati wa watu nyuma, kusimama saa nzima, na kupanda ngazi ya kazi. Kuswali ndilo lililomuuma zaidi, na mguu uliovunjika ndio wa kulia, ule unaosimamishwa kwenye kikao vidole vikiwa vimekunjwa chini. Miezi mitano aliswali kwenye kiti safu ya mwisho, hakuna aliyemlaumu, dini ina nafasi, lakini mwenyewe alikuwa akitazama chini. Tukalivunja vipande: kusujudu 7, kuinuka toka sijda 4, kukaa kikao 1. Ukilivunja hivyo fizio anajua afanye nini, na kweli akampa zoezi la kukunja vidole kwenye mto laini, kisha kwenye mkeka, kisha kwenye zulia la msikiti, dakika mbili mbili.

Choo kilikuwa 2. Kuchuchumaa na kisigino chini kunataka ule mkunjo wa goti kwa ukuta, na hapo ndipo tulipoona vipimo vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe: goti lilipofika 6, choo kikapanda 5.

Upime lini, na usome vipi

Siku ya kwanza ya kuruhusiwa kukanyaga, kisha kila wiki mbili mpaka mwezi wa sita, kisha mwezi wa 9, wa 12, na usiache hapo, wa 18 na wa 24. Kisigino kinaendelea kubadilika mpaka mwaka wa pili, ingawa sehemu kubwa huja mwaka wa kwanza. Usipime kila siku, utamtia mtu wazimu.

Namba moja mbaya si kitu, labda jana alitembea sana. Namba mbili mbaya mfululizo, piga simu. Namba ile ile mara tatu mfululizo, hiyo pia ni habari, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Goti kwa ukuta lilikuwa 4.5 mwezi wa nne, 4.5 wiki mbili baadaye, 4.5 tena. Kwa mdomo alikuwa bado "anaendelea vizuri". Kliniki iliyofuata nikampa daktari ukurasa mmoja tu, safu mbili kulia na kushoto, nikanyamaza. Akaupitia kwa kidole, akasimama kwenye zile 4.5 tatu, akamwambia mdogo wangu vua kiatu, panda kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza mguu ule kushikwa kliniki tangu nyuzi zitolewe. Akasema kovu limeshikana na vilivyo chini yake na kiungo kimekaza, akatuandikia fizio mara tatu kwa wiki badala ya mara moja kwa mwezi. Sikumchukia kwa zile mara tatu za mwanzo, foleni ilikuwa mpaka nje kwenye mti na sisi hatukumpa kitu cha kushika.

Peleka ukurasa mmoja, si daftari zima. Juu tarehe ya operesheni, chini yake maumivu matatu, tofauti ya uvimbe, asilimia ya mizani, goti, vidole, dakika za njia, FAAM na yale matano. Na swali moja mnalotaka kujibiwa siku hiyo.

Na kuna linalouma kuliko yote, na nimeliweka hapa kwa sababu ni la kweli: wengine hawarudi walivyokuwa. Kiungo kile kikisagika ndani hupata baridi yabisi miaka ya mbele, wengine huishia kufungwa kiungo kabisa kwa operesheni ya pili, na mtu wa kazi za juu huenda akalazimika kutafuta kazi ya chini. Daftari halizuii hayo. Linakufanya uyaone mwezi wa tisa badala ya mwaka wa tatu.

Ukurasa wetu wa mwezi wa 11 unasema hivi: maumivu 2, 2, 0. Uvimbe tofauti 1. Mizani 32 kwa 34. Goti 8 kwa 11. Vidole 9 kwa 22. Msikitini dakika 6, hakusimama. FAAM 83. Kuswali 9, choo 8, feri 7, kusimama 6, ngazi 3. Ameanza kupaka kuta za chini, na za juu anampa kijana wake. Kipimo chengine ni Alhamisi ya wiki ijayo baada ya alasiri, na nimeshanunua futi mpya.